Nilivyoenda Makunduchi kuangalia moto, nikarudi Nduta kuota moto na kaka yangu

Leo sina ubuyu wa mtu kuachana na mtu. Yaani ninao kidogo, ila nitauweka katikati. Leo naongea habari zangu mwenyewe, hivyo tulia, chukua chai yako, twende taratibu.

Mwaka ule nilikuwa Paje, Zanzibar, nauza miwani ya jua ufukweni. Mtoto wa Nduta, Kibondo, huku milimani kwenye baridi, nimefika baharini kutafuta maisha. Ukweli ni kwamba nilikimbia. Mimi na kaka yangu tuligombana kuhusu shamba la migomba la marehemu babu. Kaka aliuza kipande bila kuniambia. Nikamtukana mbele ya bibi, nikapanda basi. Miezi kumi na moja hatujasemeshana.

Sasa mwezi wa saba, jirani yangu pale Paje akaniambia twende Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa. Mimi nikajua ni tamasha la wazungu kupiga picha. Tukadandia daladala.

Kwa msiojua, Mwaka Kogwa ni mwaka mpya wa asili, wenyewe wanauhusisha na Washirazi na Nairuzi ya Uajemi. Hesabu yake inafuata jua, siku 365, siyo mwezi kama kalenda ya Kiislamu yenye siku 354 hivi. Zamani wavuvi na wakulima wa pwani walihesabia misimu yao kwa Nairuzi. Na hiyo "kogwa" inatokana na kuoga, mtu anajisafisha aanze upya.

Tumefika uwanjani, watu kibao. Mara wanaume wa upande wa kusini na wa kaskazini wakaingia na magogo ya migomba, wakaanza kutandikana! Siyo mchezo wa kuigiza, watu wanachapana kweli. Wengine ni ndugu kabisa, majirani, wanaosali msikiti mmoja. Akina mama wamependeza na nguo zao za rangi, wanazunguka wakiimba nyimbo za mafumbo na mapenzi, wanachambana bila kutaja jina. Nikasema kumbe hawa ndiyo mabloga wa kwanza!

Na hapo ubuyu wenyewe: kulikuwa na msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kaja na bodigadi wawili. Alikuwa anarekodi video, gogo likamkosa kidogo, miwani ya bei mbaya ikaanguka vumbini. Nikamuuzia ya kwangu kwa elfu kumi. Tuendelee.

Wakapumzika, kikaja kibanda cha nyasi. Watu wakaingia ndani, kikawashwa moto. Wakatoka mbio huku moto umeshika, umati unashangilia. Nikamuuliza mzee aliyekuwa karibu yangu, maana yake nini? Akanijibu kwa utaratibu: "Mwanangu, ya mwaka jana yanaungua humo. Ulichokuwa nacho na mwenzio umeshampiga, yameisha. Sasa njoo nyumbani ule." Na kweli akanichukua, maana kwao siku hiyo nyumba isiyo na mgeni siyo nyumba yenye heri.

Wadau, nilikula pilau ile machozi yananilenga. Hawa wanapigana kwa migomba yameisha. Sisi tumegombana kwa ajili ya migomba, mwaka unaisha.

Jioni nikampigia kaka. Hakupokea. Nikamtumia ujumbe, nikamwelezea yote niliyoyaona. Usiku wa manane akajibu mstari mmoja: "Kama unataka kunipiga kwa mgomba, migomba huku ipo. Njoo."

Nikauza miwani yote kwa hasara. Boti, halafu basi, Dodoma, Singida, Kahama, hadi Kibondo. Mwili umechoka kama nimepigwa tayari.

Nimefika nyumbani usiku, na si mnajua baridi ya huku mwezi wa saba. Bibi kakaa jikoni anaota moto. Kaka akatoka nyuma ya nyumba na magogo mawili ya mgomba, akanitupia moja miguuni. Nikajua anatania. Akanichapa begani! Nikamrudishia. Tukachapana pale uani kama vichaa, mpaka tukaanza kucheka. Bibi akachungulia: "Mmeharibu mgomba wangu. Kesho mtapanda miwili."

Tukakaa kwenye moto watatu, mahindi yako kwenye makaa. Hapo ndipo kaka akaniambia kwamba mkopo wa bodaboda ulimzidi, akaona aibu kuniambia mdogo wake, akauza. Akasema samahani. Na mimi nikaomba samahani kwa lile tusi. Shamba halijarudi, wadau, nisiwadanganye. Kipande kile kina mwenyewe. Ila kaka yangu amerudi.

Zamani babu alikuwa anatupigia stori kwenye moto huohuo kila jioni. Siku hizi kila mtu na simu yake kitandani. Nafikiri ugomvi mwingi wa nyumbani unakua kwa sababu hatuna tena mahali pa kukaa tukaangaliana.

Ile migomba miwili tulipanda. Mmoja umeshaanza kutoa mkungu.

Haya, na wewe una ndugu gani hujampigia simu mwaka mzima? Nakusubiri hapo chini, usipite kimyakimya.