Ndege Kubwa Ikitangulia

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako kaniambia umepangiwa kurusha ndege ndogo ya Caravan, safari za Dar es Salaam, Zanzibar na Mafia. Hongera sana. Habari za masika na abiria wenye mizigo iliyozidi utazizoea mwenyewe. Mimi nakuandikia jambo moja tu, hewa inayoachwa na ndege kubwa.

Bawa linapoibeba ndege, hewa ya chini yake hukimbilia juu kwa kupitia ncha. Hapo huzaliwa visulisuli viwili, kimoja kila ncha, navyo huanza pale rubani anapoinua pua. Ndege ikiwa nzito na mwendo wake mdogo, ndipo vinapokuwa vikali. Huvioni. Hushuka futi 300 hadi 500 kwa dakika, kisha karibu na ardhi hutambaa kwenda pembeni. Vijana huogopa upepo mkali, kumbe huo huvitawanya. Uogope upepo mwanana wa ubavuni, kwa sababu unaweza kukizuia kimoja kisitoke kwenye njia ya kurukia.

Sasa tuseme Boeing 787 imeruka mbele yako. Wewe hufiki tani 4. Yenyewe huweza kuzidi 220. Utaratibu wa kimataifa ni kusubiri dakika 2 mkianzia mwanzo mmoja, dakika 3 ukiingilia katikati ya njia. Hapo katikati ndipo penye mtego. Caravan haihitaji njia yote, basi rubani huona kwenda hadi mwisho ni kupoteza mafuta. Lakini ukianzia mwanzoni utakuwa hewani mapema, kabla ya pale jeti ilipoinua pua. Ukianzia katikati waweza kunyanyuka palepale. Omba njia nzima. Na kwa kuwa jeti hupanda kukushinda, hutakaa juu ya mapito yake muda mrefu: omba mapema ruhusa ya kugeukia upepo unakotoka. Kama ndiyo kwanza imetua, hesabu hugeuka. Nyanyuka mbele ya pale gurudumu lake la pua lilipogusa.

Ukivikuta visulisuli hata hivyo, sawazisha mabawa kwa utulivu, na miguu yako iwe na adabu. Tarehe 12 Novemba 2001, New York, Airbus A300 ya American Airlines ilipita nyuma ya Boeing 747. Rubani msaidizi alikanyaga pedali kulia na kushoto kwa nguvu hadi mkia wa wima ukang'oka. Walikufa watu 265, watano kati yao wakiwa ardhini. Wachunguzi wa Marekani walisema kilichouvunja mkia ni zile pedali.

Mnara wa kuongozea ndege ukikuruhusu nawe una shaka, sema utasubiri. Haki hiyo ni yako. Ofisini wakikuuliza kwa nini umechelewa, andika sababu na utie sahihi.

Mjomba wako