Bega Kwanza, Kisha Paki

Kazi ya beki wa hoki ya barafuni hufanywa kinyumenyume. Mshambuliaji anakujia na kasi yake yote, nawe unarudi nyuma kuelekea goli lako kwa kasi ileile, ukilinda pengo lililo kati yenu. Pengo likiwa kubwa, anapata nafasi ya kupiga. Likiwa dogo mno, hatua moja ya pembeni inatosha kukuacha umesimama. Mimi nilikuwa nalipima kwa gongo: ncha ya gongo langu ikiweza kuigusa paki yake, niko mahali pangu. Macho siyaweki kwenye mikono yake wala kwenye paki, maana hivyo viwili ndivyo anavyotumia kudanganya. Nayaweka kifuani. Kifua kinapokwenda, mwili mzima unafuata.

Nimeifanya kazi hiyo kwa mshahara nchini Sweden, daraja la pili, kisha Ujerumani, mpaka goti na kichwa vilipokataa. Wazazi wangu walihamia Gothenburg kutoka Mombasa nikiwa mtoto, na klabu ya mtaani ndiyo iliyotuazima viatu vya kutelezea, helmeti na gongo. Bila kuazimwa nisingecheza kamwe, kwa kuwa vifaa vya mchezo huu ni ghali. Nilipotimiza miaka 16 niliondoka nyumbani kwenda kusoma sekondari yenye programu ya hoki, kama wanavyofanya vijana wengi wa Sweden wanaoutaka mchezo huu kwa dhati. Asubuhi mazoezi, mchana darasani, jioni mazoezi tena. Mama alipiga simu kila usiku kuuliza kama nimekula.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo wenyewe: uwanja wa Ulaya kwa kawaida una urefu wa mita 60 na upana wa mita 30, wa Marekani na Kanada una urefu wa mita 61 hivi, lakini upana wake ni mita 26 tu. Kila timu ina watu sita barafuni: kipa, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Paki ni kisahani cha mpira mgumu, unene wa sentimita 2.5, uzito usiozidi gramu 170, na hugandishwa kabla ya mechi ili isirukeruke. Mchezaji hukaa barafuni kwa sekunde 45 hivi, kisha anarudi benchi akihema na mwenzake anaingia bila mchezo kusimamishwa.

Hapo ndipo ugumu wa kipindi cha pili unapoanzia. Timu hubadilishana magoli lakini benchi hazihami, kwa hiyo beki anayelinda goli lake sasa yuko mbali na benchi lake. Adui akikubana kwenye eneo lako kwa dakika nzima, huwezi kutoka. Miguu inakuwa kama mawe, na ukijaribu kukimbilia benchi unamwacha kipa peke yake. Mabao mengi niliyoyaona yakifungwa katika kipindi hicho hayakutokana na ufundi wa mtu yeyote. Yalitokana na mabeki wawili waliochoka.

Lakini jambo ninalotaka kulisema hasa linahusu paki iliyo nyuma ya goli. Wapinzani wameitupa huko makusudi. Ni lazima mtu aifuate, na mtu huyo ni beki. Anakimbia akiwa ameuelekea ukuta, mgongo wake uko kwa watu wenye kilo 90 na zaidi wanaomfukuza kwa nguvu zao zote. Kabla hajaifikia, anapaswa kugeuza kichwa juu ya bega, mara moja, ikiwezekana mara mbili. Katika mtazamo huo mfupi anasoma kila kitu: nani anakuja, kutoka upande gani, beki mwenzake yuko wapi, kipa anaelekeza wapi. Akishaigusa paki, uamuzi uwe umekwisha kufanyika. Beki anayeigusa kwanza ndipo ainue macho amechelewa, na atakutana na ukuta.

Katika NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, mbio hizo za kuifuata paki iliyopigwa mbali ziliumiza watu wengi hata sheria ikabadilishwa mwaka 2013, ili refa wa mstari aamue nani anatangulia kabla wawili hao hawajaufikia ukuta. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2010, ligi hiyo ilikuwa imepiga marufuku kumgonga mtu kichwani kutoka upande asioutazama. Nayashukuru mabadiliko hayo kwa moyo wote. Hata hivyo, hakuna sheria inayoweza kugeuza shingo ya beki kwa niaba yake.

Mjomba wangu wa Mombasa, kila nilipompigia baada ya mechi, aliuliza: "Haya mwanangu, umefunga mangapi?" Nikamjibu miaka mingi kwamba sijafunga. Siku moja akauliza swali jingine: "Na wewe ulipokuwa ndani, mmefungwa mangapi?" Sikuwahi kumweleza kwamba kipo kipimo cha namna hiyo hasa. Timu yako ikifunga ukiwa barafuni, na idadi ya wachezaji ikiwa sawa, unaongezewa moja. Ikifungwa, unapunguziwa moja. Bobby Orr wa Boston alimaliza msimu wa 1970–71 akiwa na 124 za ziada, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo. Orr alikimbia na paki kutoka goli moja hadi jingine, jambo ambalo mabeki wengi wa zamani hawakuthubutu. Magoti yakamwisha, akastaafu mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka 30.

Mwalimu wangu mimi alikuwa Nicklas Lidström, ingawa hajui kwamba nipo. Detroit walimchagua katika uteuzi wa wachezaji chipukizi wa NHL mwaka 1989 akiwa wa 53, na alipostaafu mwaka 2012 alikuwa amecheza misimu 20 katika timu hiyo moja, mechi 1,564, na kushinda tuzo ya beki bora mara saba. Nilitazama kanda zake nikiwa nimefunika paki kwa kiganja kwenye skrini, nikiangalia kichwa chake tu. Kiligeuka daima. Hakuwa mtu wa kugonga wenzake. Alikuwa ameshafika mahali ambapo paki ingekwenda. Ndiyo maana mwili wake ulidumu.

Kisha kuna Johnny Oduya, mzaliwa wa Stockholm, baba yake Mkenya. Washington walimchagua mwaka 2001 akiwa wa 221, na kwa namba hiyo wengi huishia ligi za chini. Yeye alianza kucheza NHL mwaka 2006 akiwa na New Jersey, akatwaa Kombe la Stanley na Chicago mwaka 2013 na tena 2015. Nyumbani kwetu jina lake lilitamkwa kwa fahari ambayo siwezi kuieleza kikamilifu.

Mimi sikufika huko. Mikataba yangu ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, na kila masika sikujua nitaishi mji gani vuli ikija. Klabu moja iliniacha kwa simu fupi nikiwa bado natembea kwa magongo ya hospitali. Mtikisiko wa mwisho wa ubongo uliniweka katika chumba chenye giza kwa wiki kadhaa, mke wangu akinisomea barua pepe kwa sauti ya chini. Daktari aliponiambia niache, niliacha.

Sasa nafundisha mabeki wachanga. Nilipokwenda Nairobi kuwaona Ice Lions, timu ya hoki ya barafuni ya Kenya, kwenye uwanja wa hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, nilikuta vijana wanaogeuka haraka na kupasiana vyema, kwa sababu kwenye barafu ndogo hakuna pa kujificha. Kenya ilikubaliwa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la dunia la mchezo huu mwaka 2024, na nililia niliposikia. Kuangalia begani wanaweza kujifunza palepale, leo. Pengo hawawezi. Beki anahitaji kurudi nyuma kutoka mstari wa kati hadi golini kwake, mara mia kwa wiki, mbele ya mtu anayekuja kwa kasi kamili, na hilo linadai uwanja wa mita 60 ambao Nairobi bado haina.