Filamu Zangu Tatu za Miaka ya Tisini

Kila wanandoa wana mchezo wao. Wetu ni huu: umeme ukikatika usiku, tunatajiana filamu. Juzi zamu ilikuwa ya miaka ya 1990, na kila mmoja alitakiwa kutaja tatu tu. Mume wangu akaanza na za ngumi na risasi, kama wanaume wengi waliokulia kwenye vibanda vya video. Mimi, mwenzenu, nikaenda kwenye mapenzi.

Ya kwanza ni The Bodyguard ya mwaka 1992. Wimbo wa Whitney Houston tuliuimba wote bila kujua kuwa mtunzi wake ni Dolly Parton, na bila kuelewa nusu ya maneno! Nilipokuwa sekondari niliudhika sana kwamba yeye na yule mlinzi wake, Kevin Costner, hawaishii pamoja. Wanaagana uwanja wa ndege, kila mtu na njia yake. Siku hizi naona waliamua vizuri. Kuna mtu unampenda kwa dhati na bado si wa kujenga naye nyumba.

Ya pili ni Dilwale Dulhania Le Jayenge ya 1995, Shah Rukh Khan na Kajol. Kihindi hatukukijua, lakini kulia tulilia. Kilichonigusa ni pale mama mzazi wa Simran anapowaambia watoroke, Raj anakataa. Anataka apewe binti kwa ridhaa ya baba yake. Dada yangu, mwanaume akikwambia kila siku "tufiche kwanza", mkumbuke Raj.

"Haya, ya tatu?" mume wangu akauliza.

"Neria."

Akacheka. "Hiyo nayo ya mapenzi?"

Ndiyo, ya mapenzi. Ni filamu ya Zimbabwe, ya 1993, iliyoongozwa na Godwin Mawuru. Marehemu Oliver Mtukudzi ndiye mwenye muziki, na ameigiza kama kaka yake Neria. Mume anafariki ghafla, na shemeji, Phineas, anajitwalia mali waliyoichuma wawili wale, eti ndiyo mila. Hata watoto anawachukua. Neria anakwenda mahakamani.

Niliiona kwa mkanda wa kuazima, sebule imejaa majirani. Shemeji alipoanza kubeba vitu, mama mdogo alinyanyuka akatoka nje. Nikadhani ana usingizi. Miaka mingi baadaye ndipo nikaambiwa kwamba alipofiwa na mumewe, wakwe zake walibeba hadi cherehani yake.

Nikamsimulia mume wangu hayo yote gizani. Halafu nikauliza swali ambalo kwa miaka 11 ya ndoa sikuwahi kuthubutu: "Ukiondoka kesho, mimi na watoto tunabaki na nini?" Kiwanja chetu kiko kwa jina lake peke yake. Bati zilitokana na mkopo wangu wa kazini.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mama watoto, unaniombea kufa?"

Usiku ule hatukuongea tena. Siku ya pili salamu tu. Yaani nilijuta, nikajiona nimeharibu nyumba kwa sababu ya filamu.

Jumamosi akanikuta jikoni, ameshika daftari la mtoto na kalamu. "Nimemfikiria mama mdogo," akasema. "Yule mama na cherehani yake. Kaa tuandike."

Wosia sasa uko RITA, wake na wangu. Hati ya kiwanja tunaishughulikia isomeke majina mawili. Na nikwambie ukweli, msomaji wangu, hajawahi kuniambia neno la mapenzi lililonikaa moyoni kama lile la jikoni.

Wewe na mwenzako je? Mwishoni mwa wiki hii itafuteni Neria, muiangalie wawili. Ikiisha, msikimbilie kulala. Ongeeni kwanza.