Chubwi, Tifu, Pu

Ualimu nilianzia Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, nikafundisha darasa la kwanza. Watoto wengi walitoka nyumbani na Kiluguru. Kiswahili walikikuta ubaoni. Silabi waliziimba vizuri, lakini ilipofika silabi mwambatano, zile za bwa na chwa, darasa lilipoa.

Tanakali sauti ndizo zilizotuvusha. Tulitoka nje na ndoo ya maji na mchanga. Mmoja anafumba macho, mwenzake anadondosha jiwe. Majini, chubwi! Mchangani, tifu! Kwenye ardhi kavu, pu! Aliyefumba macho anataja limeangukia wapi. Tukirudi darasani naandika "chubwi", nao wanaisoma kabla chaki haijatua, ile ile "bwi" iliyowashinda jana.

Baadaye nilihamia Morogoro mjini. Vitabu vya hadithi vilikuwa haba. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, ulitusogezea kidogo vile vya Kiswahili vyenye picha. Kitabu kimoja nilikisomea darasa zima. Nikifika mahali mnyama anapotumbukia kisimani nanyamaza, kidole kikiwa juu ya neno. Wa nyuma walikuwa wakisogea mpaka mbele kuliona neno lenyewe, na hapo ndipo mtoto anaposoma kwa hamu yake.

Masika, mvua ikipiga bati, mwalimu hasikiki. Nilikuwa nawaambia wasikilize, kisha kila mmoja aniambie mvua imesemaje. Binti mmoja akasema, "Mwalimu, ya kwenye bati siyo ya kwenye migomba," akazitoa sauti zote mbili kwa mdomo wake. Hazimo kwenye kamusi yoyote, nami nilizipokea. Waliotupatia neno pikipiki nao walitega sikio kwenye injini.

Sikubaliani na kumpa mtoto orodha akariri: giza totoro, kimya ji, nyeupe pe. Mtoto wa Uluguru giza totoro analijua. Anatoka nalo alfajiri kwenda shule. Mwulizeni kwanza aliona nini njiani, neno litajileta.

Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulielekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Basi, walimu wenzangu, kipindi cha kusoma msikimalizie ubaoni. Chukueni ndoo, mtoke na watoto nje.