Mkanda Mweupe kwa Mara ya Pili

Wahenga walisema kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi niliyavulia mkanda. Nilikuwa nimecheza karate ya mtindo wa Shotokan kwa miaka minne, tangu shule ya msingi, na kiunoni nilifunga mkanda wa kahawia uliobakisha hatua moja tu kuufikia ule mweusi. Baba alipopata uhamisho wa kikazi, nikajiunga na shule hii nikiwa Kidato cha Tatu. Swali langu la kwanza bwenini lilikuwa, "Karate hufanyiwa wapi hapa?" Nikajibiwa, "Karate? Hapa ni judo tu, bwana."

Mpenzi msomaji, huenda ukadhani ni yale yale: huku nguo nyeupe, kule nguo nyeupe, huku wanainama, kule wanainama. La hasha! Katika karate umbali ndio ngao yako. Ngumi inaruka na kurudi, teke linamzuia mwenzako asikukaribie. Katika mashindano ya judo hakuna ngumi wala teke. Mnashikana ukosi na mkono wa nguo, vifua karibu vigusane, na kila mmoja anasikia pumzi za mwenzake. Shotokan ilinifundisha kusimama chini, goti la mbele limekunjwa, miguu imeachana sana. Kwenye mkeka wa judo, ule mguu wangu wa mbele ulikuwa zawadi. Ulifagiliwa kila mara kama takataka za sokoni.

Majuma mawili ya kwanza mwalimu alinifundisha jambo moja tu: kuanguka. Kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini. Mkono unyooke na upige mkeka kwa kiganja, ili kishindo kisambae badala ya kutua mahali pamoja. Pumzi itoke. Tena! Tena! Jioni nilipanda kitandani nikiguna kama mzee. Wahenga walisema kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Mimi nilijikwaa, nikaanguka, na bado mwalimu akasema niinuke nianguke tena.

Hata hivyo, kilichoniuma hasa hakikuwa mgongo. Nilikuwa nimefunga mkanda mweupe kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga ukumbi wa mazoezi. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili, mfupi ajabu, alinipiga ngwala ile ambayo Wajapani huiita osoto gari. Nikaona dari. Wenzake wakaangua kicheko, mmoja akauliza, "Huyu ndiye yule wa karate?" Usiku huo usingizi ulinipaa. Ile miaka minne ilikuwa imeenda wapi? Zile alfajiri za baridi, zile pesa ambazo baba alijinyima, zote zilikuwa bure?

Mama alipokuja siku ya wazazi, nilimwambia kwamba nataka kuacha. Akanitazama, kisha akauliza, "Mwanangu, kwani ulijifunza mkanda ama ulijifunza karate?" Sikuwa na jibu.

Jibu lilikuja juma lililofuata. Katika karate, mkono mmoja ukipiga, mwingine hurudi kiunoni kwa nguvu. Mkono huo huitwa hikite, yaani mkono unaovuta. Nilikuwa nimeurudisha maelfu ya mara bila kuwa na kitu cha kuvuta. Siku hiyo mwalimu wa judo akasema, "Vuta kwa hikite!" Nikashtuka. Kumbe katika judo jina hilo ni la mkono ulioshika mkono wa nguo ya mpinzani. Nikauvuta hadi kiunoni vile nilivyozoea, nikazungusha nyonga vile nilivyozoea, na mwenzangu akapoteza mizani. Naam, alitua mkekani, puu! Mwalimu akatabasamu.

Ndipo akatusimulia historia. Judo ilianzishwa Tokyo mwaka wa 1882 na Jigoro Kano, katika shule yake ya Kodokan. Mwaka wa 1922 Gichin Funakoshi alifika Tokyo kutoka Okinawa kuonyesha karate, na Kano huyo huyo akamwalika aionyeshe Kodokan. Baadaye Funakoshi aliiga kutoka judo mpango wa madaraja na mikanda. Nilicheka peke yangu. Mkanda wa kahawia niliokuwa nikiulilia ulikuwa na asili yake kwenye mkeka huu huu!

Sasa mimi na yule kijana wa Kidato cha Pili ni marafiki. Yeye hunirekebisha jinsi ya kushika ukosi, mimi humfundisha kuzungusha nyonga. Bado ananibwaga mara nyingi kuliko ninavyombwaga, lakini siku hizi naanguka vizuri, nainuka haraka na kumwomba turudie.

Basi wewe uliyehamia shule mpya, ama uliyebadilisha mchezo, ama somo, usilie ukidhani mzigo wako umeibwa. Uko nao mwilini. Kubali kwanza kukaa chini na wanaoanza, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame.