Watoto wa Mjini Wapewe Mahali pa Kucheza

Mimi ni karani wa Serikali, nami nakaa na jamaa yangu katika nyumba ya orofa nne huko Muthangari, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi. Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika, wapangaji wenzangu walinichagua kuwa mwandishi wa kamati yetu. Ndiyo sababu, miaka miwili iliyopita, mimi mwenyewe niliandika tangazo lililobandikwa langoni kwamba watoto hawana ruhusa kucheza mpira uani. Tulikuwa na hoja zetu: ua umejaa magari, mpira huvunja vioo, na makelele huwasumbua wazee. Nilitia sahihi, nikaona nimefanya kazi njema.

Basi siku moja mwaka huu nilikuwa nikirudi kutoka dukani pamoja na kijana wangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka kumi. Tulipofika orofa ya pili alisimama, akaegemea ukuta, akahema kama mzee. Niliogopa sana. Kesho yake nilimpeleka kwa daktari, naye akampima kifua na damu, asione ugonjwa wo wote. Akaniuliza neno moja tu: “Mtoto huyu hucheza wapi?” Sikuwa na jibu. Nilikumbuka tangazo langu.

Usiku ule nilichukua kalamu nikaandika hesabu ya siku ya mtoto, kama tuandikavyo daftari la afisini. Asubuhi huchukuliwa langoni na gari la shule, akaketi. Darasani huketi. Jioni hurudishwa kwa gari, akaketi kufanya masomo ya nyumbani, kisha huketi mbele ya televisheni au simu ya mama yake hata wakati wa kulala. Nilipojumlisha wakati wa kutembea na kukimbia, pamoja na mapumziko ya shule, haukufika dakika 20. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika maagizo yake ya mwaka 2020, lasema kwamba mtoto wa miaka 5 hata 17 yampasa apate kila siku, kwa wastani, si chini ya dakika 60 za kuutumia mwili kwa nguvu. Hivyo kijana wangu alipungukiwa zaidi ya dakika 40 kila siku, na mwenye deni hilo nilikuwa mimi.

Mimi nililelewa shambani. Hakuna mtu aliyeniambia nikafanye mazoezi. Nilikwenda shule kwa miguu, niliteka maji mtoni, na jioni tulicheza kati na brikicho mpaka tuitwe kula. Hata katika shule ya misheni mwalimu hakumruhusu mtu kubaki bwenini saa ya michezo. Tulidhani twacheza tu, kumbe miili yetu ilikuwa ikijengwa. Mtoto wa mjini hana njia ndefu ya shule wala mto wa kuteka maji. Akinyimwa na ua pia, amebakiwa na nini?

Niliitisha mkutano wa kamati. Mzee mmoja aliniuliza, “Karani, si wewe uliyetuandikia tangazo lile?” Nikamjibu, “Ndimi, mzee wangu, na ndiyo sababu naomba kulifuta mwenyewe.” Niliwakumbusha kwamba mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alisimama kupinga mpango wa kujenga jumba la orofa 60 katika Uhuru Park, na jumba lile halikujengwa. Ikiwa mtu mmoja aliweza kuanza kutetea uwanja wa mji mzima, sisi twashindwaje kuwatengea watoto wetu ua mmoja? Tulibishana sana, kisha tukapatana: tangu saa 10 na nusu hata saa 12 jioni magari yawe upande mmoja, mpira uwe wa matambara, na mzazi mmoja awepo kwa zamu.

Zamu yangu ilikuwa Jumamosi. Watoto walishuka, wakasimama wakitazamana, maana hawakujua waanzeje. Zamani mpira tuliufunga kwa mifuko ya nailoni, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2017. Kwa hiyo nilijaza matambara katika soksi kuukuu, nikazungushia kamba. Niliwaweka wawili kila mmoja upande wake, nikavua koti, nikaingia katikati ili wanilenge. Walinipiga mgongoni na kichwani wakicheka mpaka machozi yakawatoka, kisha kila mmoja akataka zamu yake. Wasichana wakaleta kamba ya kuruka, na mama mmoja akakata mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu, akawatengenezea blada.

Tangu hapo nimejifunza mambo matatu. Kwanza, usimwambie mtoto, “Kimbia upate afya.” Anayeamriwa kukimbia huchoka upesi, bali anayefukuzwa na wenzake hajui kama amechoka. Pili, uchaguliwe mchezo ambao hata mtoto mnene au mpole hupata nafasi, wasije wenye mbio wakacheza na wengine wakawa watazamaji. Tatu, mzazi naye aingie mchezoni, kwa maana mtoto huiga aonayo kuliko asikiayo. Jumamosi nyingine sisi huenda kwa miguu, tukipita Kileleshwa, hata bustani ya miti ya Arboretum iliyoanzishwa mwaka 1907, na watoto hushindana kutambua miti njiani.

Sisemi kwamba mambo yote ni mazuri. Kioo kimoja kilivunjika, nami nikakilipa. Makelele yangaliko, na mzee yule hunung'unika bado. Lakini juzi nilipotoka kazini, nimechoka, nilipanda ngazi na kijana wangu. Alinitangulia mbio, na nilipofika orofa ya pili nikihema, nilimsikia akiita kutoka juu, “Baba, umekwama wapi?”

Samaki mkunje angali mbichi. Ndugu msomaji, utakaporudi nyumbani leo, tazama lango la ua wenu. Ukikuta tangazo kama lile langu, uliza ni nani aliyeliandika, na kama ana watoto.