Kerezo la Kaaga



Wasomaji wetu watukufu, safari ya Mombasa hadi Meru ni ndefu. Ukishaipita Nairobi na Thika, njia huelekea Embu, kisha Chuka, na hapo huanza kujipinda ubavuni mwa Mlima Kenya, ikishuka katika mabonde ya mito na kupanda tena, huku migomba, mibuni na michai ikikuandama pande zote. Nilialikwa na ndugu zetu Waislamu wa Meru kusomesha darasa za siku tatu, nami nikapokelewa na familia moja ya Kiislamu inayokaa Kaaga, nje kidogo ya mji.

Kaaga kwa wengi ni jina la shule. Wamethodisti walianzisha misheni yao hapo mwaka 1912, miaka 50 baada ya kufika kwetu Pwani, pale Ribe, mwaka 1862. Leo ipo sekondari ya wasichana, na Chuo Kikuu cha Kimethodisti cha Kenya kina kampasi yake kuu papo hapo. Lakini ninalotaka kuwasimulia halimo katika majengo hayo. Limo katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya wenyeji wangu.

Baba wa nyumba ni fundi wa vyuma. Ndani ya kibanda ana mashine ya kukereza chuma, kuukuu, aliyoinunua ikiwa na kutu na kuifufua kipande kwa kipande. Ana mashine ya kutoboa, gurudumu la kunolea na jiriwa iliyokazwa kwenye meza ya mbao. Nilipoiona ile mashine nilikumbuka mafundi wa Lamu niliowaona utotoni, wakikereza miguu ya vitanda. Fundi huvuta upinde kwa mkono mmoja, mti ukazunguka, na patasi ikaumega taratibu. Kerezo la Kaaga huzungushwa na mota ya umeme, na linalomegwa ni chuma, lakini kazi ni ile ile: kitu huzunguka, kisu hutulia, na subira ya fundi ndiyo inayotoa umbo.

Asubuhi hiyo jirani alikuwa ameleta shafti ya mashine yake ya kumenya kahawa. Ilikuwa imelika pale inapokaa beringi, ikicheza na kupiga kelele. Fundi alikwisha kuijaza chuma kwa kuchomelea. Sasa alitaka kuikereza irudi milimita 25. Nikamwuliza: je, ikibaki nene kidogo? Akaniambia kwamba ikizidi hata kwa unene wa unywele, beringi haiingii. Na ikipungua kwa kiasi hicho, itacheza tena, na mkulima atapoteza mavuno yake msimu ukiwa umepamba moto. Hupima, hukata kidogo, husimamisha, hupima tena. Nikawaza moyoni: laiti nasi tunaojibu maswali ya watu tungepima hivyo.

Nikasogea ili nione vizuri. Fundi akanyosha mkono kunizuia. “Samahani, Sheikh,” akasema kwa adabu, “kanzu yako ina mikono mipana. Mashine hii ikishika nguo haiiachii. Tafadhali simama nyuma ya mstari ule.” Nikarudi nyuma. Wakati huo huo binti yake, msichana wa miaka 19 anayesomea ufundi mjini, akaingia, akaniamkia, “Shikamoo, Maalim,” akaenda moja kwa moja kwenye mashine. Alivaa ovaroli iliyobana vifundoni mwa mikono, na mtandio wake ulifungwa barabara, ncha zake zote zimefichwa ndani ya kola. Hapakuwa na uzi unaoning'inia. Akavaa miwani ya kukinga macho, akaimalizia shafti ya jirani.

Baadaye alinionyesha kazi yake mwenyewe: kiangulio cha mayai. Ni sanduku la mbao lenye balbu za kutoa joto na feni ndogo iliyotolewa kwenye kompyuta mbovu. Kihisi cha joto hupeleka habari kwenye bodi ndogo ya Arduino, aina ya bodi iliyobuniwa Italia mwaka 2005 kwa ajili ya wanafunzi, nayo huwasha na kuzima balbu ili joto lisiondoke kwenye digrii 37.5. Waya zote alizilehemu mwenyewe. Usiku wa Meru ni baridi, na umeme ukikatika mayai hupoa. Kwa hiyo amefunga betri ya gari inayoshika zamu mara moja. Baada ya siku 21 vifaranga hutoka, na mama yake huwauza. Ada ya muhula uliopita, mama aliniambia, ililipwa na sanduku hilo.

Hapo, ndugu zangu, ndipo niliponyamaza kwa muda mrefu, kwa sababu iliyo yangu.

Miaka kadhaa nyuma, mama mmoja wa mtaani kwetu alinijia baada ya darsa. Binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ufundi, upande wa mashine. Akauliza: je, inafaa? Nilimjibu papo hapo kwamba stara na mashine havikai pamoja, amtoe. Sikuuliza chuo kinaendeshwaje, wala binti anavaaje, wala anataka nini. Akamtoa. Na sasa, ndani ya kibanda cha Kaaga, aliyewekwa nyuma ya mstari kwa ajili ya nguo yake ni mimi.

Nilikuwa na elimu ya kunizuia nisikosee. Twajua kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daudi chuma na kumfundisha kutengeneza deraya. Twajua kwamba al-Jazari alimaliza mwaka 1206 kitabu cha mashine 50 alizozieleza kwa michoro. Na Ibn al-Nadim amemtaja binti wa al-Ijli, aliyekuwa fundi wa astrolabu katika zama za Sayf al-Dawla, mtawala wa Halab, karne ya 10. Na astrolabu ni chombo ambacho kwacho Waislamu walijua nyakati za sala. Haya yote niliyasoma. Siku ile sikuyakumbuka.

Niliporudi nilikwenda kwa yule mama kabla ya kushika kalamu. Nikamwomba radhi, yeye na binti yake. Binti sasa ameolewa, ana watoto wawili. Mama akacheka kidogo, akaniambia: “Sheikh, kila pasi na kila redio inayoharibika mtaani huletwa kwake, naye huitengeneza.” Binti mwenyewe hakucheka. Alisema amenisamehe, kisha akaniuliza iwapo chuo bado kinapokea watu wa umri wake.

Nimekwenda kuuliza. Kinapokea. Mume wake ameridhia, na fomu imekwisha kujazwa.

Akina mama mnaosoma haya, mkiletewa jawabu la haraka juu ya mustakabali wa binti zenu, hata likitoka kwangu, mrudisheni mwenye kulitoa akapime tena.

Wabillahi tawfiq.